Bokoboko: Ngano ya Sherehe, Viungo vya Uluguru

Mjini Morogoro, pilau haitangazi tena shughuli. Siku hizi inapikwa Jumapili yoyote, mradi mwenye nyumba apate nyama kidogo na mchele mzuri wa Kilombero. Kinachotangaza shughuli ni bokoboko. Ukipita Mji Mpya au Mwembesongo usiku wa kuamkia Idd, au usiku wa kuamkia harusi, ukaona sufuria kubwa imeinjikwa uani na watu hawana habari ya kulala, ujue humo mna ngano. Itachemka na nyama mpaka alfajiri, kisha mikono yenye nguvu itashika mwiko na kuipiga hadi nafaka na nyama visitambulikane tena, kibaki kitu kimoja laini, kizito, kinachonukia mdalasini na samli.

Hilo ndilo bokoboko: uji mzito wa ngano nzima iliyokobolewa, uliopikwa pamoja na nyama na kutiwa viungo. Wapo wanaolila kwa chumvi na vitunguu vya kukaanga, wapo wanaolinyunyizia sukari juu. Linaliwa Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa, na limefuata watu wa pwani hadi Bujumbura.

Mimi ni mpishi wa shughuli hapa mjini. Nimezaliwa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika nyumba iliyozungukwa na mikarafuu na midalasini, nikaolewa Mji Mpya katika ukoo wa watu wa Pangani. Kwetu Kinole bokoboko hatukulijua. Tulikula magimbi, ndizi, wali wa mpunga wa mlimani na makande. Lakini siku mama mkwe alipofunua sufuria yake mbele yangu kwa mara ya kwanza, harufu iliyopanda ilikuwa ya nyumbani kwa mama yangu. Mdalasini ule, iliki ile, pilipili manga ile, vyote nilivijua tangu vikiwa mtini. Ngano ndiyo iliyokuwa ngeni kwangu.

Tangu hapo nina neno moja ninalotaka watu wa mkoa huu walisikie. Bokoboko si chakula cha wageni. Harufu yake inaota mlimani kwetu, na inatupasa kulipika, kulielewa na kuwarithisha watoto wetu.

Ngano, moto na mwiko

Mama mkwe alikuwa na masharti matatu, na mpaka leo sijaona bokoboko zuri lililovunja hata moja.

Sharti la kwanza ni ngano yenyewe. Inayotakiwa ni punje nzima iliyotolewa ganda la nje, si unga. Madukani siku hizi inauzwa ikiwa imekwisha kukobolewa, lakini yeye alijifunza kwa kinu. Ngano inanyunyiziwa maji kidogo, inaachwa iyanywe, kisha inatwangwa polepole ili ganda litoke bila punje kuvunjika, halafu inapepetwa kwa ungo. Aliponipa mchi hakuwa na haja ya kunifundisha. Sisi watoto wa mlimani tumekoboa mahindi ya makande kwa njia hiyohiyo: maji kidogo, mchi, ungo. Mwanamke wa Pangani na mwanamke wa Kinole walikuwa na kazi moja mikononi, nafaka tu ndizo zilizotofautiana.

Ngano ikishapepetwa inaoshwa mara kadhaa mpaka maji yawe meupe, kisha inalowekwa kutwa nzima. Asiyeloweka atachoma mkaa mwingi na bado atakutana na punje ngumu katikati ya tonge.

Sharti la pili ni moto. Nyama yenye mfupa au kuku wa kienyeji huingia sufuriani pamoja na ngano, maji mengi, chumvi, tangawizi na vijiti vya mdalasini. Ikichemka, makaa yanapunguzwa mpaka sufuria iwe inanong'ona tu. Mara nyingi niliona haraka, nikataka kuongeza mkaa, naye ananizuia mkono. "Mwanangu," ananiambia, "moto mdogo ndio mpishi. Wewe ni msaidizi wake." Nikishaitika, "Naam mama," narudi kukaa kwenye kigoda changu.

Maneno yale yana maelezo yake ya kisayansi. Ndani ya punje ya ngano mna wanga uliofungwa katika vichembe vidogo sana. Vikipata maji ya moto vinavimba, vinapasuka na kuufanya mchuzi kuwa mzito. Kazi hiyo inataka muda, kwa sababu maji yanapenya punje nzima taratibu kutoka nje kuelekea ndani. Wakati huohuo, mishipa na ngozi za nyama zinayeyuka na kutoa ute, uleule unaoifanya supu ya kongoro igande ikipoa. Moto mkali unakausha maji na kuunguza chini kabla kazi hizo mbili hazijakamilika. Moto mdogo unazipa nafasi zikutane.

Sharti la tatu ni mwiko. Ngano ikishapasuka na nyama ikiachia mifupa, mifupa yote huondolewa. Hapa umakini unahitajika, hasa kwa kuku, maana kifupa kimoja kikisahaulika kinaweza kumdhuru mtoto au mzee. Kisha kunaanza kupiga. Mwiko wa mti, mrefu na mpana, unazamishwa hadi chini, unazungushwa na kukandamizwa kwenye ukuta wa sufuria. Nyuzi za nyama zinachambuka, na wanga wa ngano unaanza kushikana na ute wa nyama. Bokoboko lililoiva linavutika kidogo likiinuliwa na upawa na halidondoki kama maji. Mtu mmoja hawezi kupiga sufuria ya shughuli peke yake. Tunapokezana, mashemeji wanaitwa, vijana waliokuja kubeba viti wanaombwa mkono.

Kwa nini tujitese hivyo? Kwa sababu chakula hiki kinamtosha kila mtu aliyekuja. Asiye na meno analila, mtoto aliyeanza kula analila, mgonjwa anayerudi kwenye nguvu zake analila. Nyama kidogo inaenea sinia zima bila mtu kuona kwamba amepunjwa, maana hakuna kipande cha kugombea. Katika ukoo wangu wa Kinole tupo Waislamu na Wakristo, kama zilivyo koo nyingi za Uluguru. Kuku wa shughuli huchinjwa na Mwislamu ili kila mmoja ale kwa amani, na bokoboko linapopakuliwa hakuna anayeulizwa anasali wapi.

Kutoka Baghdad hadi Mji Mpya

Chakula hiki kina ukoo mrefu. Waarabu wanakiita harisa au harisi, na mapishi yake yameandikwa tangu zamani sana. Kitabu cha upishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichotungwa katika karne ya 10 huko Baghdad, kina mapishi ya harisa. Mwaka 1226, mwandishi mwingine wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliandika namna yake, na mpishi wa Mji Mpya akisomewa leo atatikisa kichwa kwa kukubali: nyama na ngano iliyokobolewa, kuku na vijiti vya mdalasini, sufuria inaachwa juu ya moto hafifu usiku, kisha inapigwa na kupakuliwa na mafuta, bizari nyembamba na mdalasini wa unga juu yake.

Harisa ilikuwa pia chakula cha sokoni, watu wananunua asubuhi wakielekea kazini. Katika karne ya 12, al-Shayzari aliandika kitabu cha kuwaongoza wakaguzi wa masoko huko Shamu (Syria), na humo kuna sura nzima kuhusu wauzaji wa harisa, ili wasipunguze nyama wala kudanganya wateja. Chakula kinachopondwa mpaka nyama isionekane kinahitaji mpishi mwaminifu. Jambo hilo halijabadilika.

Kutoka Uarabuni na Uajemi harisa ilitembea kote. Uturuki wanaita keşkek, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2011. Hyderabad, India, ilipokewa ikawa haleem, chakula maarufu cha mwezi wa Ramadhani. Mwezi Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana, UNESCO iliiingiza harisi yenyewe katika orodha hiyohiyo, kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia.

Kwetu Afrika Mashariki uhusiano na Oman ni wa damu na wa jiko. Mtawala wa Oman, Sayyid Said bin Sultan, alipohamishia makao yake kutoka Muscat hadi Unguja, katika miaka ya 1830 hadi 1840, watu, desturi na vyakula vilipita baharini kwa wingi kuliko zamani. Pwani ilikipokea chakula hiki na kukifanya chake. Tangawizi ikaongezwa, na wengine wakaanza kukipika hata kwa mchele pale ngano ilipokosekana.

Na Morogoro je? Huku bara si mbali na pwani kama watu wanavyodhani. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita Zungomero, kusini mwa Uluguru, mwaka 1857, wakakuta kituo cha misafara ya wafanyabiashara. Mpelelezi mwingine, Stanley, alipofika chini ya milima yetu mwaka 1871, alikuta mji wenye ngome ya mawe uliojengwa na chifu Kisabengo, ukitawaliwa na binti yake Simbamwene, njiani pale misafara ya Bagamoyo ilipopumzika. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro mwaka 1907. Wabebaji mizigo, wafanyabiashara, masheikh, mafundi na wake zao, wote walipita au wakabaki. Watu hawahami bila chungu chao. Ukoo wa mume wangu ulikuja kwa njia hiyo ya reli, na mwiko wa mama mkwe ulikuwa wa mama yake.

Uji wa mfalme wa Uingereza

Wapo wanaodhani uji wa ngano wenye viungo ni mambo ya Waarabu peke yao. Miaka zaidi ya 600 iliyopita, wafalme wa Ulaya nao walikuwa wakiula kwa heshima kubwa.

Mnamo mwaka 1390, wapishi wa Mfalme Richard II wa Uingereza walikusanya mapishi yao katika kitabu kinachojulikana kwa jina la The Forme of Cury. Humo umo uji wao wa ngano, frumenty. Nao waliitwanga ngano kinuni ili kuondoa ganda, wakaiosha, wakaichemsha mpaka ikapasuka, kisha wakaongeza mchuzi mzuri wa nyama na maziwa ya ng'ombe au ya lozi. Viini vya mayai vikaufanya mzito, zafarani ikaupa rangi ya dhahabu. Uliandaliwa pamoja na nyama ya mawindo au ya kondoo. Siku za mfungo, ambapo Wakristo wa wakati ule hawakula nyama, tajiri aliweza kuletewa uji huohuo na nyama ya pomboo, kwa kuwa alihesabiwa kuwa samaki.

Maskini naye aliula, ila wake ulikuwa ngano na maziwa, au ngano na maji. Kilichowatenga tajiri na maskini ni viungo. Mdalasini, karafuu, pilipili manga na kungumanga zilifika London baada ya kupita mikono ya wafanyabiashara wa India, Uarabuni, Misri na Venice, na kila mkono uliongeza bei. Mwenye nyumba aliyeweka viungo vingi mezani alikuwa anawaonyesha wageni uwezo wake. Kiu hiyo ya viungo ndiyo iliyomsukuma Mreno Vasco da Gama kuizunguka Afrika, akapita Mombasa na Malindi mwaka 1498 akielekea Calicut, na historia ya pwani yetu ikabadilika kwa maumivu makubwa.

Karne zilivyopita, uji ule wa Uingereza uliongezewa sukari, zabibu kavu na pombe, ukawa wa Krismasi na wa sikukuu za vijijini. Mwandishi Thomas Hardy alianza riwaya yake ya mwaka 1886, The Mayor of Casterbridge, kwenye banda la muuza uji huo katika gulio, ambapo mwanamume mmoja anaunywa ukiwa umechanganywa na pombe kali, analewa, kisha anamuuza mkewe. Leo Mwingereza wa kawaida hajawahi kuuonja. Umebaki kwa wachache wanaofufua mapishi ya kale. Huko Sicily, Italia, ndugu yake bado yu hai: kila tarehe 13 Desemba, siku ya Mtakatifu Lucia, watu huchemsha ngano nzima badala ya kula mkate.

Ninayaeleza haya kwa sababu yananipa somo. Mfalme Richard alihitaji hazina ili mdalasini ufike kwenye uji wake. Mama yangu, mkulima wa jembe la mkono, alikuwa na mdalasini nyuma ya nyumba. Anasa ya mfalme ni kitu cha kawaida kwa mtoto wa Kinole, na bado wengi wetu tunapika kwa vidonge vya ladha vya kiwandani huku magunia ya viungo yanashuka mlimani na kupita mbele ya milango yetu kuelekea kwa wengine.

Gome linalolinda mlima

Ukitoka mjini Morogoro kuelekea Mkuyuni, ukapanda Kinole au ukasonga hadi Matombo na Tawa, utaona jinsi viungo vinavyoishi pamoja. Mikarafuu na midalasini inasimama kati ya migomba na mifenesi. Mpilipili manga unapanda kwenye shina la mti mwingine. Iliki inakaa chini, kwenye kivuli na unyevunyevu. Mvua za mashariki, zinazotoka Bahari ya Hindi na kugonga milima, ndizo zinazowezesha yote hayo.

Mdalasini hubanduliwa wakati wa mvua, gome likiwa na maji na kuachia kwa urahisi. Tawi linakatwa, gome la juu lenye rangi ya kijivu linakwanguliwa, kisha kisu kinapasua kwa urefu na gome jembamba la ndani linabanduliwa taratibu. Likikauka linajikunja lenyewe. Mti haufi. Kisiki kinachipua matawi mapya, na baada ya miaka michache yanakuwa tayari kubanduliwa. Karafuu inataka subira zaidi. Mche hukaa miaka mingi kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, na matumba lazima yachumwe kabla ua halijafunguka.

Mti wa namna hiyo haupandwi na mtu asiye na uhakika na ardhi. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mtu aliyeazimwa shamba na ukoo mwingine aliruhusiwa kulima mahindi au maharage, si kupanda mti wa kudumu, kwa kuwa mti ni dai la umiliki. Midalasini ya mama yangu ilipandwa na bibi mzaa mama, nasi tuliirithi kupitia kwake. Kwa hiyo kila kijiti kilichoingia kwenye sufuria ya mama mkwe kilikuwa na historia ya wanawake wa ukoo fulani.

Kuna faida nyingine ya miti hiyo ambayo watu wa mjini hawaifikirii. Miteremko ya Uluguru ni mikali, na udongo ukiachwa wazi unashuka na mvua. Serikali ya kikoloni ilijaribu kuzuia hilo kwa kuwalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi, nao wakakataa, hadi mwaka 1955 kukatokea vurugu. Mti wa kudumu unashika udongo bila kumlazimisha mtu, kwa sababu mwenye shamba anaupenda mti unaomlipa. Na udongo ukishikwa mlimani, maji yanabaki safi mitoni. Mto Ruvu, unaopokea maji ya Uluguru, ndio unaotegemewa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa maji ya Dar es Salaam na sehemu ya Pwani. Mkulima akipata bei nzuri ya mdalasini, anapata sababu ya kutokata mti ili apande mahindi. Anayenunua kiungo cha Uluguru kwa bei ya haki anachangia maji ya bombani kwake.

Ngano yetu inatoka wapi?

Viungo vya bokoboko ni vyetu, lakini ngano ni suala jingine. Tanzania inalima ngano katika nyanda za baridi: Hanang, Karatu, Kilimanjaro Magharibi, na Nyanda za Juu Kusini kama Makete. Katika miaka ya 1970 na 1980 Hanang ilikuwa na mashamba makubwa ya serikali yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, na wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao kwa ajili ya mashamba hayo. Pamoja na juhudi hizo, sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini bado inatoka nje, na karibu yote inasagwa kuwa unga wa chapati, maandazi na mkate.

Ngano ya bokoboko ni kiasi kidogo ukilinganisha na ile ya unga, na hapo naona nafasi. Haihitaji kinu kikubwa cha kusaga wala mashine ya gharama. Mkulima mdogo wa Karatu au Makete anaweza kuikoboa, kuipepeta na kuifunga vizuri, ikauzwa Morogoro na Tanga kwa wapishi wanaoitafuta. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, inashughulikia mbegu za ngano katika vituo vyake vya Selian na Uyole, na hapa mjini kwetu tuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 1984. Wataalamu tunao. Kinachotakiwa ni walaji waonyeshe kwamba wanaitaka ngano nzima.

Namna ya kupika nyumbani

Si lazima usubiri Idd wala harusi. Kwa familia ya watu sita au saba, chukua nusu kilo ya ngano iliyokobolewa. Ichambue, ioshe mpaka maji yawe meupe, uiloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, uiweke kwenye sufuria nzito pamoja na kuku mmoja wa kienyeji aliyekatwa vipande vikubwa, au kilo moja ya nyama ya mbuzi au ng'ombe yenye mfupa. Tia maji lita tatu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na vijiti viwili vya mdalasini.

Chemsha, toa povu, kisha punguza moto na ufunike. Koroga kila baada ya muda ukigusa chini ya sufuria, na maji yakipungua ongeza ya moto, si ya baridi. Kuku akiiva mtoe, ondoa mifupa yote, chambua nyama na uirudishe. Baada ya saa tatu au nne punje zitakuwa zimepasuka na kulainika kabisa. Hapo toa vijiti vya mdalasini na utie pilipili manga, bizari nyembamba na iliki chache, vyote vikiwa vimetwangwa muda huohuo. Viungo vya unga vikitiwa mwanzoni, harufu yake huishia hewani.

Sasa piga. Kandamiza na kuzungusha kwa mwiko mpaka uone nyuzi za nyama zimepotea ndani ya ngano na uji unavutika. Kaanga vitunguu viwili kwenye samli mpaka viwe vya kahawia. Pakua bokoboko kwenye sinia, chimba kishimo katikati, mwagia samli ile na vitunguu vyake. Anayependa sukari aweke mwenyewe kwenye sehemu yake.

Mwenye sufuria ya presha anaweza kupunguza saa za kuchemsha, na sioni ubaya, mradi ngano ilowekwe kwanza. Kinachonisikitisha ni wale wanaoipitisha kwenye mashine ya kusagia ili wakwepe mwiko. Visu vyake vinaikata nyama badala ya kuichambua, na uji unatoka kama gundi usio na nyuzi. Mwiko hauna mbadala, na kama mikono yako imechoka, nyumba ina watoto na jirani ana mikono.

Ombi langu

Ulaya ilikuwa na uji wake wa ngano, ukapikwa kwa karne nyingi, kisha ukatoka mezani na kubaki vitabuni. Wetu bado uko mikononi mwa kina mama na kina bibi walio hai, Mji Mpya, Mwembesongo, Pangani, Unguja. Hatuhitaji kusubiri UNESCO itwambie kwamba ni urithi. Tunahitaji kijana wa kike na wa kiume akae jikoni usiku mmoja, ajifunze ngano, moto na mwiko.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji, hasa wewe wa Morogoro. Ukienda Soko Kuu la Chifu Kingalu, pita kwa wauza viungo, omba mdalasini wa vijiti uliotoka Uluguru, na uulize umetoka kijiji gani. Nunua pilipili manga na iliki nzima, uzitwange mwenyewe. Tafuta nusu kilo ya ngano. Kama nyumbani kwako hakuna anayejua kulipika, nenda kwa mama wa mtaani anayejua, mwamkie, mwombe akufundishe. Hatakataa. Kisha pika zaidi ya mnavyoweza kula, umpelekee jirani sahani.